Mstari wa Mwisho wa Wasifu wa Ebeneza

Benchi letu liko ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga hapa Ngonga, upande usiofikiwa na pumba. Saa tatu asubuhi kahawa huwa imefika, nasi tumekaa: Mwalimu Hezroni, mstaafu, tunayemwita Chaki; Gwamaka, tunayemwita Spika kwa sababu hakuna awezaye kumnyamazisha; Nasibu, bwana kilimo aliyehamishiwa huku kutoka Tanga; na mimi, Mzee Zaburi. Jumapili ijayo tunaweka msalaba kwenye kaburi la mwanangu Ebeneza, aliyefia Afrika Kusini. Wasifu wake nimeuandika mwenyewe kwenye daftari. Umebaki mstari mmoja, ule wa maneno yake ya mwisho. Nesi aliyemuuguza aliandika barua kwa Kiingereza, ikaja ndani ya begi lake. Hii ni wiki ya saba Chaki anatusomea. Hufasiri yote, ila maneno matatu huyaacha yalivyo, maana anasema kwa Kiswahili yanamponyoka.

— Soma tena, Chaki, nilisema.

— "Siku ya mwisho ali-talk muda mrefu. Haku-say mengi. Lakini ali-ni-tell habari za baba yake."

— Hapo ndipo ninapokwama, alisema Nasibu. Mtu ataongeaje muda mrefu asiseme mengi?

— Kwani Spika hujawahi kumsikiliza? alisema Chaki.

Tulicheka kidogo, hata mimi.

— Chekeni tu, alisema Spika. Talk ni maneno ya njiani: mpunga vipi, mvua imeishia wapi. Say ni neno zito, la kikao. Halafu kuna speak. Hiyo mpaka uwe umevaa tai.

— Barua haina speak, wewe, alisema Chaki.

— Nesi aliiacha makusudi. Aliona mgonjwa hana tai.

— Mwogope Mungu, Spika, alisema Nasibu. Mtoto wa mwenzio yuko kaburini.

— Nisamehe, Mzee Zaburi.

— Endeleeni, nilisema. Na tell?

Chaki alishusha kikombe.

— Tell lazima awepo wa kupokea. Unaweza ku-talk na ukuta. Ku-tell ukuta huwezi.

— Hizo ni kuta za hapa, alisema Spika. Za hospitali za kule zina vinasa sauti. Maneno ya kijana yamo ukutani mpaka leo.

— Basi aliyepokea ni nesi, alisema Nasibu. Alipokea habari gani?

Hapo ubishi huanza upya, nami humshukuru Mungu kimoyomoyo. Siku Ebeneza anaondoka nilimwambia nisiuone tena mguu wake nyumbani kwangu. Miaka sita hatukusemezana. Wakibishana hivi, bado inawezekana kwamba alinisamehe.

Mama mmoja wa ufukweni mwa ziwa alikuwa ametua vyungu vyake karibu nasi, apumzike kabla ya kufika sokoni. Alitusalimu, akasema jina lake Catheline. Kisha akainamia barua iliyokuwa magotini pa Chaki.

— Kiingereza sikijui, baba zangu. Ila hizi hapa chini si namba za simu?

— Ni za nesi, alijibu Chaki.

— Bado yu hai huyo nesi?

— Bila shaka.

— Sasa mbona hamjampigia mkamuuliza?

Nasibu alimnyooshea kikombe muuza kahawa. Muuza kahawa aliinamisha birika, yakatoka machicha.

— Ndaga, mama, nilimshukuru.

Alijitwika vyungu vyake, akaenda. Chaki alitoa simu mfukoni, akaandika namba moja moja huku akizitaja kwa sauti, kama alivyokuwa akiita majina darasani. Alipomaliza alinitazama, kidole kikisubiri.

Nilivua kofia, kama kanisani, nikamwashiria apige.