Mzee Drimsing na Wale Tisa wa Mawkyndur

Tunamzika leo Mzee Paulus Drimsing Khongwir, aliyekuwa katekista wetu hapa Mawkyndur. Kabla udongo haujamfunika, ni haki yake tusikie alivyoishi.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1889, mtoto wa nne wa Bi Kmen Khongwir. Mvua ya siku hiyo ilizima jiko mara mbili, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alikohoa moshi kabla ya kulia.

Alisoma miaka minne katika shule ya Wawelsh, wamisionari wa Kiprotestanti, kule Sohra, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Kila Jumatatu alipanda na kikapu cha machungwa mgongoni, na kila Jumatatu kikapu kilifika nusu. Akiulizwa, alisema kilima kimekula.

Mwaka 1906 alibatizwa na mapadri wa Kijerumani. Mjomba wake Bolsing, mkubwa wa ukoo, hakupendezwa. Alimwambia mbele ya watu, "Mpwa wangu, sisi wa dini ya wazee tukifa, jogoo wa kafara anatutangulia njiani. Nyinyi hata kufa hamwezi mpaka Mzungu apande kilima." Watu walicheka, na marehemu alicheka nao.

Mwaka 1910 alifanywa katekista wa vijiji vitano. Alitembea na kinga yake ya mvua, iliyosukwa kwa majani, kichwani, akifundisha kwamba dhambi isemwe kwa padri kabla ya kufa. Tarehe 9 Januari 1911 alimuoa Marta Nongrum, akahamia nyumbani kwa mama mkwe, kama ilivyo kwetu. Walijaliwa mabinti watatu, wa mwisho Trisilda.

Ndipo vita vya Wazungu vikaja, na mapadri wa Kijerumani wakaondolewa. Padri mgeni alifika kwetu mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakufika. Oktoba 1918 ikaingia homa ya mafua. Hapa kwetu zilikufa nyumba nzima nzima, machungwa yakaozea mitini.

Wa kwanza kumwita alikuwa bibi mmoja wa upande wa mtoni.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba dhambi isemwe," bibi alimwambia. "Haya, nimwambie nani?"

"Mama, mimi si padri."

"Najua. Padri ana ndevu. Inama, pumzi inakwisha."

Akainama. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasali naye Baba Yetu, akamfumba macho. Habari ikaenea, wengine nao wakamwita. Walikuwa tisa, na wa tisa alikuwa mkewe Marta, tarehe 21 Novemba. Wale wanane hakuwaambia neno lolote zaidi ya sala. Lakini Marta, alipomaliza kusema, alimshika mkono akamuuliza, "Nimesamehewa, baba Trisilda?" Akajibu, "Ndiyo."

Neno hilo moja, ambalo ni padri tu mwenye mamlaka ya kulisema, ndilo lililomla maisha yake yote.

Kwa desturi, mume aliyefiwa hurudi kwa mama yake. Mama mkwe alimzuia mlangoni. "Hawa watoto wanakujua wewe kuliko mimi. Weka huo mzigo chini." Trisilda alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Marehemu alimsuka nywele mwenyewe mpaka alipojifunza kujisuka, na hakuoa tena.

Ndugu za wale tisa walimjia mmoja mmoja. Huyu aliuliza mpaka wa shamba, yule aliuliza mtoto ni wa nani. Wengine walimtukana, wengine walimkwepa njiani kwa sababu waliogopa anachokijua. Hakumwambia mtu.

Mapadri wapya walipokuja, mwaka 1922, aliwaeleza mwenyewe alichofanya. Wakamsimamisha kufundisha miaka miwili. Muda wote huo alikaa nyuma kanisani, pamoja na wasiobatizwa. Hilo hakulilalamikia. Alichotaka ni jibu moja, na kila padri aliyepita hapa, marehemu alimuuliza: wale tisa wako wapi? Wote walimjibu kwamba tuwaachie huruma ya Mungu. Alishukuru, na padri mwingine akija aliuliza tena.

Jimbo letu la Shillong lilipofanywa Jimbo Kuu, alikuja padri kijana aliyekuwa akiandika historia ya jimbo. Marehemu alimtajia wale tisa kwa majina, akamwomba awaandike.

"Mzee, kitabu ni cha makanisa na tarehe zake," padri alisema.

"Na wao wana tarehe," alijibu.

Kitabu kilipotoka, jina lake lilikuwa na mstari mmoja: katekista, Mawkyndur, 1910 hadi 1922, na 1924 hadi 1951. Alikisoma mara moja, akakirudisha kabatini.

Tangu Aprili mwaka huu kifua kilimbana. Julai alishindwa kula hata wali laini. Tarehe 7 tulituma mtu kumwita padri, lakini kilima kilikuwa kimeporomokea njia nzima. Asubuhi ya tarehe 8 Trisilda aliona hali imekuwa mbaya, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, padri amechelewa. Sema na mimi, kama walivyosema na wewe."

Alimshika bega ili ainuke. "Hapana, mwanangu. Mimi najua uzito wake. Wewe una wajukuu wa kulea." Kisha akasema, "Mwambie padri asikimbie, mawe yanateleza."

Alifariki saa nne asubuhi. Padri aliingia saa sita, matope mpaka kiunoni.

Marehemu alitanguliwa na mkewe Marta na binti yake mkubwa Rosina. Ameacha mabinti wawili, Bernadeta na Trisilda, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu sita, mdogo wao ana miezi mitatu.

Hakuungama. Hatuna mamlaka ya kusema kwamba amesamehewa, na yeye mwenyewe angetukataza. Tunawaomba mliokuja mumwombee, kila mmoja kwa sauti yake. Mungu amfungulie mlango, amkalishe karibu na moto wake, ale naye popoo, kama tunavyowaombea wafu wetu tangu wazee.