Fundi Elinami na Mashine ya Magurudumu Mawili

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Ndugu Elinami Nnko, fundi mkuu wa kurekodi wa Studio ya Mlima Neema hapa Kimandolu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi wa mapokezi niandike wasifu wake kwa sababu, kwa maneno ya katibu, ndimi niliyekaa naye karibu kuliko wote. Ni kweli. Kati ya meza yangu na chumba chake kuna mlango mmoja tu, na mlango huo haujawahi kufunga vizuri. Tangu niajiriwe, kila kilichorekodiwa humu ndani nimekisikia, nipende nisipende.

Elinami alizaliwa Nkoaranga mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa kahawa na ndizi. Alisomea ufundi wa redio, akatengeneza redio za watu pale Tengeru kwa muda, kisha akaajiriwa hapa mwaka 1991. Alikabidhiwa mashine kubwa ya kurekodia, ile ya magurudumu mawili ya utepe, iliyoletwa kutoka Ujerumani pamoja na kitabu cha maelekezo ambacho mpaka leo hakuna aliyekisoma. Mashine hiyo ina swichi yenye mwendo wa haraka na mwendo wa polepole. Wa haraka ndio wa kurekodia. Wa polepole ulikaa miaka mingi bila kazi yoyote.

Mwaka 1993 ilikuja kwaya kutoka kwao Nkoaranga. Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa na kila aliyekuwepo. Kwaya iliimba wimbo wa kwanza, Elinami akasimamisha mitambo akasema waya una hitilafu. Wakarudia. Akasimamisha tena. Mara ya tatu mwalimu wa kwaya, Mzee Eliasi, akamwambia mbele ya watu wote: "Kijana, kama huo waya unaitwa Anna, sema tujue." Anna ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza. Walifunga ndoa mwaka uliofuata, na ndiye Mama Ezra tunayemfahamu sote. Waya nao ukapona.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Elinami alirekodi kwaya za kila aina, na aliziongoza kwa sheria zake. Kazi inaanza kwa sala. Maneno ya nyimbo yanapelekwa kwanza kwa kamati ya studio yasomwe. Karanga haziliwi ndani ya chumba cha kurekodia. Na kila kanda ikikamilika lazima ifanyiwe uzinduzi, wenye mgeni rasmi, sare na keki. Sheria hizi hakuwahi kumpunguzia mtu hata moja, na mimi niliwahi kufukuzwa mle ndani kwa ajili ya karanga.

Miaka kama kumi iliyopita malalamiko yakaanza. Mwenyekiti mmoja wa kwaya alinirudishia kanda mezani akasema akina mama wa sauti ya kwanza wanasikika kama mafuta ya moto yaliyoingia maji. Wa pili akasema hivyo hivyo. Sisi tuliilaumu mashine kwa uzee wake, Elinami akazilaumu spika. Kwaya zikaanza kutuhama moja moja, nyingine zikaenda Olasiti kwenye studio za kompyuta, nyingine zikawa zinataka video tu, za kutembea kwenye bustani ya watu huku wakipunga mikono. Ikafika mahali chumba kikawa hakina mgeni wiki nzima. Kila asubuhi Elinami aliipangusa mashine vumbi, akakaa mbele yake mpaka saa ya chai. Nilikuwa namwonea huruma, nikawa namwongezea sukari bila kumuuliza.

Ndipo wakaja Jivu Baridi.

Walikuwa watu wawili, wamevaa nyeusi kuanzia juu mpaka chini. Nilijua wamefiwa, nikawapa pole. Wakaitikia kwa heshima, "Asante, mama, shikamoo," nami nikaenda kuwachemshia chai. Kumbe ni bendi. Lomayani, mpiga gitaa na mwimbaji, ni bwana mifugo kule upande wa magharibi wa Meru. Simaloi, mpiga ngoma, ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Muziki wao wanauita death metal, na siku nyingine black metal. Tofauti nimeelezwa mara nyingi, na kwa ninavyoelewa mimi, wa kwanza unanguruma kutoka tumboni na wa pili unapiga ukelele kutoka kooni. Kwa mtu aliyekaa mapokezi yote miwili inapita mlangoni.

Walikuwa wameokota sokoni mojawapo ya zile kanda zetu zilizolalamikiwa, na wakaja kuulizia sauti ile ile. Hawakutaka kompyuta. Walitaka kurekodi kizamani, wote chumba kimoja, moja kwa moja kwenye utepe, makosa yaachwe yalivyo, halafu itoke kanda yenye kava ya fotokopi nyeusi na nyeupe. Elinami aliwasikiliza mpaka mwisho kisha akawauliza kama wana sare. Walijitazama, wakasema wanazo.

Maneno ya nyimbo yalipelekwa kwa kamati, sheria ni sheria. Wimbo wa kwanza uliitwa "Kimeta". Ulieleza ng'ombe aliyekufa ghafla, tumbo limevimba, damu nyeusi inatoka puani na haigandi. Wa pili uliitwa "Ndigana Kali", ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, na ulikuwa mbaya zaidi. Kamati ilikaa kikao kirefu, ikaamua kwamba hii ni elimu kwa umma, ila ikapendekeza uongezwe ubeti wa kuwaonya watu wasichune mzoga bali wauzike shimo refu. Lomayani akaongeza. Naambiwa ubeti huo ndio unaopendwa kuliko zote na mashabiki wao wa huko Finland.

Kurekodi kulikwenda vizuri. Sala ilisaliwa, Simaloi ndiye aliyeongoza. Lomayani alipoanza kunguruma, jirani yetu alikuja mbio kuuliza kama tunachinja na kama maini yana mtu. Elinami alisimamisha mitambo mara moja tu, akamletea Lomayani tangawizi ya moto yenye asali, akamwonya kuhusu koo lake kama anavyowaonya watu wa kwaya. Kanda ikaitwa "Ukungu wa Julai". Uzinduzi ulifanyika ukumbini kwetu, sare nyeusi, keki nyeusi, na mgeni rasmi akawa afisa mifugo, ambaye alisikiliza nyimbo mbili akiwa amekaa wima, kisha akawahimiza waliohudhuria kuchanja mifugo yao kwa wakati.

Tangu hapo chumba hakikukaa kitupu tena. Zimetoka kanda nne za Jivu Baridi, na bendi za Moshi na Nairobi zikafuata njia hiyo hiyo. Huku kwetu msanii wa andagraundi, yaani asiye na jina bado, anaomba usiku na mchana atoke ajulikane. Hawa wakiona wanaanza kujulikana wanapunguza nakala. Barua pepe zilikuja kutoka Brazili na Japani zikimuuliza Elinami anaipataje sauti ile, ya ukali ule, kama msumeno unaokata bati. Nilimsomea, naye akaniambia niwajibu kwamba ni kazi tu. Nikawajibu hivyo.

Jibu kamili tulilipata mwaka jana. Naliandika hapa kwa ruhusa yake na ya Mama Ezra.

Simaloi alikuwa amepotea mahali fulani katika wimbo wa haraka sana, na alitaka kujua miguu yake iliteleza wapi. Elinami akaupeleka utepe kwenye mwendo wa polepole, kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike, ili ngoma zihesabike. Sauti zote zikashuka zikawa nene. Akasikiliza kidogo, akageuka, akauliza: "Mwalimu, haya matoazi umenunua lini?"

Simaloi alikuwa ameyapiga matoazi hayo tangu siku ya kwanza, kila wimbo, mbele ya maikrofoni aliyoitega Elinami mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Lomayani akavuta kiti, akamuuliza kama anavyomuuliza mfugaji habari za mnyama: imeanza lini, upande gani, anakula vizuri? Elinami akaizima mashine. Kisha akasema, "Kwanza waliondoka ndege. Halafu simu. Halafu Anna."

Hospitali walithibitisha. Sauti nyembamba zimekwenda na hazirudi, nene bado zipo. Alikuwa akiongeza kile asichokisikia, kanda hadi kanda, mpaka kwaya zikakimbia na Jivu Baridi wakaja. Amepewa vifaa vya masikioni, vinamsaidia sana kwenye mazungumzo, lakini wimbo ukipigwa anasema anasikia redio isiyokamata stesheni.

Kilichomsumbua hakikuwa kazi. Mama Ezra bado anaimba sauti ya kwanza Nkoaranga, na kila Jumapili wakitoka ibadani humuuliza mumewe, "Leo je?" Naye hujibu, "Vizuri sana." Kwa miaka yote hiyo alikuwa akijibu kwa kutazama mdomo wake. Wiki ile alimwambia mkewe ukweli. Mama Ezra hakugomba. Aliendelea kuimba kama kawaida, ila aliacha kuuliza. Elinami alinieleza hilo akiwa amesimama kwenye ule mlango wetu, akasema afadhali angegomba. Niliumia sana, nikamkaribisha chai.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunapanga stoo kwa ajili ya makabidhiano. Lomayani na Simaloi walikuja kusaidia kubeba. Simaloi ndiye aliyeuona utepe wa kwaya ya Nkoaranga wa mwaka 1993, umejaa vumbi, na ndiye aliyesema, bila kumtazama mtu: "Mzee, tuuweke huu. Polepole."

Elinami akaufunga kwenye mashine, akashusha swichi, akaweka kiganja juu ya spika. Kilichotoka ni kwaya ya watu wa chini ya mlima, nzito, wanavuta kila neno kama gogo. Kisha ikapanda sauti moja juu ya nyingine zote, nene, inanguruma, ikimsifu Bwana. Lomayani alinong'ona kwamba yeye hajawahi kufikia hapo. Elinami hakumsikia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Huyu ni Anna," akasema.

Nikamuuliza amejuaje, maana kwangu mimi lilikuwa dume la nyati. Akasema, "Subiri, kwenye ubeti wa tatu atavuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Huwa hangoji." Tukasubiri. Akavuta.

Mama Ezra alikuja saa ile ile kumjaribisha mumewe suti ya sherehe. Alisimama mlangoni, akasikiliza kwa uso wa mashaka, akauliza: "Baba Ezra, huyo mwanaume anaumwa nini?"

"Ni wewe, Mama Ezra."

Aliiweka suti juu ya meza yangu. Akaingia, akakaa karibu naye, naye akaweka kiganja juu ya spika. Walisikiliza mpaka utepe ukaisha na gurudumu likawa linazunguka tupu. Hakuna aliyekwenda kulisimamisha. Kisha Mama Ezra akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Leo je?"

Elinami akafikiri. "Ubeti wa tatu," akasema, "umevuta pumzi mapema."

Mama Ezra alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwa hiyo wageni waalikwa mfahamu mambo mawili ya ratiba. Mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya zawadi yatabaki stoo, kwa sababu mstaafu ameomba mashine ya magurudumu mawili badala yake, na uongozi umekubali. Jumamosi wenye migongo mizima wajitokeze kuipandisha Nkoaranga, njia ya kwao haipitishi gari na mashine haina mpini. Na siku yenyewe ya sherehe, baada ya chakula, utepe wa mwaka 1993 utapigwa ukumbini kwa mwendo wa polepole. Tafadhali msishtuke, na watoto waambiwe mapema kwamba ni Mama Ezra. Wimbo huo pia utatoka upande wa pili wa kanda mpya ya Jivu Baridi, jina la mwimbaji limeandikwa kwenye kava, na uzinduzi wake utakuwa na mgeni rasmi na keki kama sheria inavyotaka.

Fundi Elinami, asante kwa miaka thelathini na minne. Asante kwa sala, kwa tangawizi, na kwa kunifukuza na karanga zangu. Sisi wa huku mbele tutaurekebisha ule mlango, ingawa hakuna tena kitu cha kupita. Nenda nyumbani ukaishi vizuri na Mama Ezra, na Jumapili akikuuliza, mrekodi kwanza, umsikilize polepole, kisha umwambie kweli amepatia wapi na amekosea wapi.

Hedwiga Shirima
Mapokezi