Dkt. Veronika Nkuba, Aliyeitwa Mkabila

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa Kalenga, wakwe zetu, ndugu zetu mliotoka Usangu na majirani wa Uyole, mimi naitwa Pendo Nkuba, marehemu ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia yake. Jana jioni Profesa Gerson, Mkuu wa Idara alimokuwa akifundisha dada, alikuja hapa msibani akatuomba sehemu ya kazi tuifupishe, akasema msibani si mahali pa kufufua mambo, nasi tulimpa kiti, tukampa chai, tukamwambia tumesikia. Kusikia tulisikia, kukubali hatukukubali. Nitaisoma yote, maana watoto wa marehemu wameketi hapa mbele, na hawatazikiwa mama yao huku wakiamini alikuwa mkabila, kama alivyoandikiwa kazini.

Dkt. Veronika Nkuba Kashindye alizaliwa tarehe 14 Juni 1979 huko Bariadi, mtoto wa tatu wa Mzee Nkuba Kashindye na mama yetu Kulwa, na mwaka 1985 familia ilihamia bonde la Usangu pamoja na ng'ombe wake, ikajenga karibu na Ubaruku, mahali ambapo hadi leo wapo wanaotuita wageni. Alianza darasa la kwanza hapo Ubaruku mwaka 1987, akamaliza mwaka 1993, akachaguliwa kuendelea na sekondari ya bweni hapa Iringa, ambako alisoma hadi kidato cha sita mwaka 2000, na wenzake walimwita "Mama Ng'ombe" mpaka matokeo yalipobandikwa ukutani, hapo wakaanza kumwita Vero.

Alijiunga na masomo ya udaktari mwaka 2001, akahitimu mwaka 2006, akafanya kazi katika hospitali ya wilaya kwa miaka kadhaa, akarudi chuoni kusomea magonjwa ya akina mama, na tarehe 1 Oktoba 2014 akaajiriwa kuwa mhadhiri katika idara ya chuo cha tiba mjini Mbeya, chuo ambacho sitakitaja kwa sababu waliotoka huko wanajijua na basi lao limeegeshwa pale. Katikati ya hayo, tarehe 5 Septemba 2009, alifunga ndoa katika parokia hii ya Kalenga na Mwalimu Sosthenes Kihwelo, shemeji yetu, mwanaume ambaye hakuwahi kumwambia mke wake anyamaze, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Samwel aliyezaliwa mwaka 2010 na Jackline aliyezaliwa mwaka 2014.

Sasa nafika kwenye kazi. Mwezi Agosti 2019 Masanja, mfugaji wa kutoka Madibira, alimleta mama mkwe wake hospitalini akiwa anavuja damu. Sisi Wasukuma mkwe hamkaribii mama mkwe wake, hawezi kusimama kitandani kwake akiwa amelala amejifunika khanga, kwa hiyo Masanja akabaki nje ya wodi, ameligeuzia dirisha mgongo, anapitisha uji kwa mikono ya ndugu wa wagonjwa wengine. Ndani huko mama anahitaji damu, na damu inachangiwa na ndugu, wakaita ndugu wa mgonjwa, hakuingia mtu, wakamwandika ametelekezwa. Nje huko walinzi wakaona mwanaume mwenye shuka na fimbo anazunguka wodi ya akina mama, hawakumuuliza jina wala shida, wakampiga mpaka wakamvunja mkono, wakamtupa nje ya uzio.

Asubuhi dada alipopita wodini alimsalimia yule mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," na mama akafumbua macho kwa mara ya kwanza, akamwambia mkwe wangu yuko nje, muulizeni. Dada akatoka, akamkuta Masanja kwenye majani amekumbatia mkono wake, akampeleka kufungwa mkono, akatoa damu yake yeye mwenyewe, lakini ilikuwa imechelewa, mama yule alifariki mchana huo, kwa kukosa damu ya ndugu aliyekuwa hatua chache nje ya dirisha. Sijui niliseme vipi jambo hili bila hasira, kwa hiyo nalisema na hasira yake.

Katika kikao cha ripoti ya asubuhi, ambapo wagonjwa wa kwetu walizoeleka kutajwa kwa kabila kabla ya jina, dada alisimama akasema mtu huyu hakutelekeza mtu, alikuwa anatoa heshima, na ninyi mmemvunja mkono. Daktari mmoja akajibu, "Kama anataka heshima, si akae na ng'ombe zake huko huko," na idara nzima ya watu wenye digrii ikacheka. Profesa Gerson hakumkanya aliyecheka. Alimkanya dada, akamwambia asilete ukabila kazini, na wiki hiyo hiyo akampa onyo la maandishi lenye neno hilo hilo.

Dada aliomba mgonjwa atajwe kwa jina lake, walinzi wafundishwe kuuliza kabla ya kupiga, njia ya kutoka hosteli za wanafunzi wa kike hadi wodini iwekewe taa, na pawepo mahali pa kukaa kwa mkwe yeyote ambaye mila inamzuia kuingia, awe Msukuma, Mnyakyusa au Msafwa. Aliambiwa bajeti hakuna. Akaenda kwa fundi wa Mwanjelwa, akatengenezesha benchi, akaliweka chini ya dirisha la wodi, likaondolewa kwa maelezo kwamba linachafua mandhari. Akapitwa kwenye kupandishwa cheo, akapitwa tena, hadi aliokuwa amewafundisha wakawa wanamkagua. Halafu wafadhili walipokuja wakitaka kila idara ioneshe inavyowajumuisha watu wote na kuwalinda, maombi yale yale ya dada yalisomwa Dar es Salaam na Profesa Gerson, akapigiwa makofi, na leo amekuja na bango lenye picha ya dada yetu lililoandikwa "Idara Jumuishi, Idara Salama". Tumeomba lisishushwe kwenye basi.

Dada alianza kuugua figo mwezi Februari 2023, akawa anasafishwa damu kila wiki, na aliendelea kufundisha hadi miguu ilipokataa. Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, alfajiri, mikononi mwa mume wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ninyi mlimtunza kama mama yenu na tunawaombea. Tunawashukuru majirani wa Uyole mliopika na kulala nje kwenye baridi ile, wanakwaya, wazee wa Kalenga mliotupatia ardhi ya kaburi, na wanafunzi wake mliokuja kwa nauli zenu wenyewe.

Kwa upande wa idara, ukoo umekaa na umekubaliana hivi. Wakati wa mashada mtaitwa kama waombolezaji wengine, hatumfukuzi mtu msibani, ila Profesa Gerson, kabla hujaweka shada lako, utasimama hapa nilipo, mbele ya Samwel na Jackline, useme kwa kinywa chako kwamba mama yao hakuwa mkabila na onyo lile halikuwa la haki. Tumemwomba Baba Paroko atuvumilie, naye amekubali. Usipoweza, shada lipande basi lirudi nalo Mbeya.

Dada Veronika, wewe pumzika, umemaliza. Amani ya kwetu sisi inamsubiri Profesa asimame.