Mteremko wa Tannlohe

"Mgeni rasmi, Daktari Guntram Pöhlmann, mkuu wa soka wa wilaya yetu, Padri wetu, wanakamati, majirani wapendwa mliokuja kuinywa bia yetu, mabibi na mabwana!"

Roswitha Zapf alilazimika kunyamaza, maana makofi yalikwisha kulipuka kabla hajasema lolote la maana. Tannlohe nzima ilikuwa imelewa furaha tangu Jumapili, timu ilipopanda daraja la wilaya kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake. Yeye ndiye katibu wa klabu, mwanamke wa kufokea marefa, lakini leo jicho lake halikutoka kwenye mkoba wa mgeni rasmi.

Ndani ya mkoba wa Daktari Pöhlmann kulikuwa na kibali kisichotiwa sahihi. Kikitiwa, Tannlohe itacheza nyumbani. Kisipotiwa, uwanja utahesabiwa kuwa umeinama mno kwa daraja hilo, na mechi zote za nyumbani zitahamia Oberlaich, kijiji cha jirani. Na pale kwenye kona ya chini, juu ya benchi lake, alikaa baba yake, Mzee Alfons, miaka themanini na mitatu, skafu ya buluu shingoni. Mzee huyo hajatia mguu Oberlaich tangu mwaka 1974, refa wa huko alipompa kadi nyekundu anayoapa hadi leo kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mkihamia kule," alikuwa amemwambia Roswitha asubuhi, "mtanisimulia. Mimi siendi. Nimengoja daraja hili maisha yangu yote, lakini siendi."

Na asingekwenda. Ukoo wa Zapf ukisema, umesema.

MAKARIBISHO

"Mgeni rasmi, sisi wanachama wa FC Tannlohe tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umezaliwa Oberlaich, na tunajua pia kwamba mtu hachagui pa kuzaliwa."

"Kweli kabisa, pole sana, Daktari!" akadakia Xaver Kreuzer, mwenyekiti, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi.

"Jisikie nyumbani. Ila glasi yako usiiachie, kwani meza yako imesimama uwanjani kwetu, na uwanja wetu una tabia zake."

Pöhlmann, aliyekuwa ameishikilia glasi muda wote, akaiinua juu. Mtu huyu anaujua uwanja huu, Roswitha akawaza, na sijui kama hilo ni heri au shari.

HISTORIA YETU

"Klabu yetu ilizaliwa kwa wizi. Mwaka 1921, siku chache kabla ya sikukuu ya Mei mosi, vijana wa Oberlaich walituibia mti wetu wa Mei, ule mrefu tunaousimamisha katikati ya kijiji siku hiyo. Desturi yetu sote twaijua: mti ukiibwa, polisi haitwi na mtu hanuni. Mwenye mti anaukomboa kwa bia na nyama, wanakunywa pamoja, yamekwisha. Lakini babu zetu waliufuatilia ule mti, wakaukuta zizini, wakaubeba mabegani hadi nyumbani kabla ya kukombolewa. Na desturi yasema: mti ukirudi kwao kabla ya kukombolewa, mwizi ndiye anayelipa."

"Analipa na kushika adabu!" sauti ikatoka kona ya chini.

"Asante, Baba. Basi Oberlaich wakaja na mapipa ya bia. Babu zetu wakakataa."

"Wakakataa bia?" Padri akauliza, ingawa hadithi hii anaihubiri kila mwaka.

"Wakakataa bia, Padri, jambo ambalo halijatokea tena hapa. Wakadai mpira wa ngozi. Wakapewa. Wakatafuta pa kuupiga, na shamba pekee alilokubali mtu kuwapa ni hili, kwa sababu lilikuwa limeinama, na hata viazi vilikuwa havitulii."

Watu walicheka hadi mbwa wa Kreuzer akaanza kubweka. Roswitha mwenyewe akacheka.

MAFANIKIO

"Mgeni rasmi, tumelima mteremko huu kwa viatu vyetu zaidi ya miaka mia moja. Kipindi cha kwanza tunapanda, cha pili tunashuka. Wageni wetu hufika mapumziko wakiongoza mabao mawili na wakiimba. Kipindi cha pili uimbaji huwa ni wetu. Tumekuwa mabingwa wa daraja letu. Tumemzoesha Bi Kunigunde wa shamba la chini kuokota mipira kwenye kabichi zake bila kuitoboa. Mwaka 1987 tuliwafunga jirani zetu Oberlaich bao ambalo..."

Hapo alisita. Kamati ilikuwa imeamua kwa kura kwamba bao hilo lirukwe.

"Lisome!" akapiga kelele Mzee Alfons. "Unaogopa nini? Lisome bao!"

"Baba, tafadhali."

"Beki wao alimrudishia kipa mpira polepole," mzee akalisoma mwenyewe, amesimama akiegemea fimbo yake. "Polepole kama bibi anayekwenda kanisani! Ukateremka, ukateremka, ukampita kipa katikati ya miguu! Na yule kipa alikuwa nani? Eh? Alikuwa nani?"

Vichwa vyote vikageuka upande mmoja. Masikio ya mgeni rasmi yalikuwa mekundu hadi ncha, na Roswitha akatamani ardhi ipasuke. Baba, umetuua, alisema moyoni. Umetuua na kutuzika.

CHANGAMOTO

Akasoma haraka haraka. "Mgeni rasmi, changamoto yetu ni moja, nawe unaikanyaga. Tukiusawazisha uwanja huu, tutakuwa tumepata kiwanja kizuri cha watu wengine. Tukihamishwa, wapo kati yetu ambao hawatakuja." Akainua macho, akamtazama baba yake. "Wapo waliongoja kwa muda mrefu sana. Tunaumia. Hatuna namna nyingine ya kulisema."

Pöhlmann akaweka mkono juu ya mkoba wake, lakini hakuufungua.

MAOMBI

Roswitha akavuta pumzi, akageuza ukurasa. Sehemu hii kamati nzima iliiandika ikigongana glasi.

"Mgeni rasmi, maombi hatuna. Tuna mateka!"

Kreuzer akalivuta turubai lililokuwa nyuma ya kibanda cha soseji. Chini yake ulilala mti mrefu ulioambuliwa magome, ukang'aa mweupe juani. Uwanja ukalipuka kwa vifijo.

"Mti wa Mei wa Oberlaich!" Kreuzer akanguruma. "Tumeutoa alfajiri ya leo katika ghala lenu la kuni, wanaume wote wa Tannlohe wenye nguvu za kubeba, hakubaki hata mmoja kitandani! Fidia yetu, Daktari, ni sahihi yako!"

Pöhlmann aliinuka taratibu, mkono mmoja kiunoni kama mtu anayeumwa mgongo. Akatembea kando ya mti urefu wake wote, akafika kitakoni, palipofungwa gunia.

"Hakubaki hata mmoja?" akauliza.

"Hata mmoja!"

"Na wa kwenu, nani alikuwa anaulinda?"

Kreuzer akawatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine.

"Vueni hilo gunia," mgeni rasmi akasema.

Wakalivua. Kitako cha mti kilikuwa kimechongwa mpira mdogo wa miguu, alama ambayo Mzee Alfons huichonga kila mwaka kwa kisu chake, kwenye mti wa Tannlohe tu.

"Yesu na Maria," akasema Padri.

"Tuliwaibia juzi," alisema Pöhlmann, akijitahidi asicheke. "Mimi mwenyewe nilibeba upande wa nyuma, na mgongo wangu hadi leo haujanisamehe. Leo nilikuja kuwadai bia, nikashangaa hamna hata mmoja aliyelalamika. Kumbe hamkujua! Mmekwenda kuiba mti wenu wenyewe!"

Bi Kunigunde akaangua kicheko, na baada yake hapakuwa na wa kujizuia. Watu walishikana mabega, Kreuzer akaketi juu ya mti akifuta machozi kwa tai.

Roswitha peke yake hakucheka. Mateka hakuna, aliwaza. Na kibali hakuna. Macho yakaanguka kwenye karatasi zake. Akazirudisha nyuma, ukurasa mmoja, wa pili, akafika kwenye historia.

"Mgeni rasmi!" alisema kwenye kipaza sauti, kwa nguvu hadi kikapiga mbinja. "Naomba nirudie sentensi moja. 'Mti ukirudi kwao kabla ya kukombolewa, mwizi ndiye anayelipa.' Mti huu mliuiba nyinyi. Umerudi kwao. Haukukombolewa."

"Mkuki kwa nguruwe!" Mzee Alfons akapaza sauti, na uwanja mzima ukamalizia methali.

Pöhlmann akamtazama Roswitha. Akamtazama mzee, ambaye tayari alikuwa anaupanda mteremko kwa fimbo, hatua fupi fupi, hataki kushikwa mkono. Mgeni akafungua mkoba.

"Bia hamtaki, bila shaka."

"Bia tunataka pia!" Kreuzer akasema.

"Nyamaza, Xaver," akasema Roswitha.

Pöhlmann alitandaza kibali juu ya ule mti, karibu na mpira uliochongwa, akatia sahihi. Kisha akamgeukia Mzee Alfons aliyekuwa amefika, anahema. "Mzee, nami nina neno. Mechi ya kwanza, nipe nafasi kwenye benchi lako. Nataka kuliona lile goli kwa upande wako."

Mzee akanyoosha fimbo kuelekea benchi lake.

"Kaa kushoto," akasema. "Kulia ni pangu."

Roswitha alikuwa bado ana mistari ya mwisho. Aliisoma akilia na kucheka kwa pamoja, na wala hakuona aibu.

"Mgeni rasmi, Mungu akupe afya, akunyooshee mgongo, na akurudishe salama kwenye mteremko huu. Ni sisi, FC Tannlohe, tunaocheza nyumbani."