Mashine ya Dative Kabla ya Matanga Yangu

Khaled, weka simu hiyo chini ya mto wangu isitukatize, na wewe Raihana kaa upande wa sikio linalosikia, maana kwa jina la Mwenyezi Mungu ninaanza kusema na sijui kama pumzi itanifikisha mwisho. Sikilizeni wanangu. Nyumba ni ya mama yenu Mwantum. Ateliye, ile karakana ya Cibitoke, ni yenu wawili, pamoja na mashine ya kuchomelea na vyuma vyote, wala msigawane. Lakini siwaachii kazi, nawaachia mabati na jina tu, kwa sababu kazi yenyewe niliiua mimi, msije mkasema ni uhaba wa petroli.

Nilianza na mashine moja ya kusaga karanga, na mteja wangu wa kwanza alikuwa Dative wa Gasenyi, yule mama anayeuza siagi ya karanga. Watu wakaisifu, na sifa ikanilewesha mimi nisiyekunywa pombe. Mnaujua mji wetu: mtu akiinuka kidogo anawekwa rais wa kamati ya harusi, na harusi ina mikutano kila Jumapili, toka mahari mpaka keki, na ikiisha inakuja ya mpwa wa jirani. Sikukataa hata moja. Nilijiambia huko ndiko natafuta wateja. Uongo. Nilikipenda kiti cha mbele, Mungu anisamehe.

Siku moja Dative akaja na sahani ya siagi na sumaku. Akapitisha sumaku juu ya siagi, ikatoka imeota unga wa chuma.

"Muzee, onja we mwenyewe. Apana, usimeze! Wateja yangu wanatema mbele yangu."

"Mama, wiki kesho nakuja."

"Wiki kesho ya harusi gani?"

Mafundi wakacheka, na mi nikacheka, nikavaa koti nikaenda. Diski za kusagia zilikuwa za chuma laini, zinalika. Ningekaa asubuhi moja nikachonga ngumu, yangekwisha. Badala yake nikafungua tawi Musaga, nikachongesha muhuri wa kampuni, nikaunda mashine ya mahindi na ya mihogo, zote kwa diski zile zile. Alirudi, akarudi tena, mwisho akaiacha sumaku juu ya meza yangu na hakuja tena. Niliitia mfukoni, nikafurahi kwamba ameacha kulalamika. Siku ile ya kimya ndiyo ateliye ilikufa, na mi nilikuwa nachagua rangi ya vitambaa vya meza za watu.

Sasa mmefungua upya mlango nilioufunga. Mmeshona fulana, mmejaza picha kwenye mtandao, Khaled unahutubia vijana hotelini, Raihana unapanga matawi, na sijasikia mmoja wenu akiuliza kama karanga zinatoka safi. Mnatembea mwendo wangu. Sina tumaini kubwa, wanangu. Nasema kwa sababu Mungu ataniuliza kama nilisema.

Shikeni mashine moja. Asubuhi, mikono ikiwa bado na nguvu, iwe ya diski. Mwenye lawama mkimbilieni kabla ya mwenye sifa. Mikutano ipate mabaki ya siku, na ikikosa, ikose. Nikifa nizikeni haraka kama dini inavyotaka, kisha matanga waachieni wengine. Mmoja wenu abebe diski ngumu aende Gasenyi, amwombe Dative msamaha, akae kwake mpaka sumaku itoke tupu. Hiyo ndiyo... nipe maji... hiyo ndiyo hitima ninayoitaka.

Simu inalia. Inanitikisa kichwa. Itoe, Khaled. Nani? Sema kwa sauti.

Ah. Wazee wa mtaa. Wameunda kamati ya matanga yangu, na mi bado napumua... na wewe wamekuweka rais. Mkutano ni sasa hivi.

Usinitazame hivyo. Nenda. Koti langu liko nyuma ya mlango... litakutosha. Mungu awafunike wanangu, awape macho ambayo mi... sikuyatumia.

Raihana. Ametoka? Mkimbilie, mama, uichukue. Sumaku ya Dative... imo mfukoni mwa koti.