Simu ya Shangazi Haiondoki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Shangazi, kama sote kazini tunavyomwita, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia lugha yetu ya kuandikia programu. Mkurugenzi ametuagiza sisi wafanyakazi wenzake wasifu huu uwe mtamu. Utakuwa mtamu, ila si kwa kila mtu.

Alianza kama mpimaji wa programu katika chumba kile cha chini ya ngazi, akapanda hadi kuongoza kamati inayoamua vipengele vipi vipya viingie kwenye lugha na vipi visubiri. Ukimpelekea pendekezo alikusikiliza hadi mwisho, akatabasamu, kisha akakuwekea mbele yako simu nyekundu ya malalamiko ya watumiaji. Kipengele chako kikipita, simu ni yako kuipokea mwezi mzima. Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingine. Kijana mmoja wa ghorofa ya pili alijitia ushujaa akaichukua, na mpaka leo simu ya jirani ikilia yeye huruka kitini.

Ndiyo maana vipengele vyetu ni vichache na vina maana. Ukikosea, lugha inakuonyesha ulipokosea bila kukufokea. Programu za zamani bado zinafanya kazi.

Mwaka jana Mkurugenzi alitaka tubadilishe jinsi lugha inavyosoma tarehe, ili tupendeze kwenye maonyesho. Programu za famasi za hospitali, zilizoandikwa kwa lugha yetu, zingesoma siku kuwa mwezi, na dawa zilizokwisha muda zingeonekana nzima. Mkurugenzi alisema programu za zamani zina wenyewe, wazirekebishe. Shangazi akamsogezea simu, akamwomba awaambie hao wenyewe kwa sauti yake. Pendekezo likaondolewa.

Sasa limerudi kwenye ajenda ya Jumatatu, siku ya kwanza bila yeye, na tunasikia simu nayo itaondolewa kupunguza kelele. Aliyepanga hivyo ajue kwamba sisi si watoto. Simu tumeshaiweka katikati ya meza ya kamati, na Jumatatu tutakuwa tumeketi pale kabla ya mlango kufunguliwa kwa wakubwa. Anayetaka kipengele hicho aanze na kuipokea.

Shangazi, asante kwa kila ulichotukatalia. Tutakukumbuka sana, hilo hatulifichi. Nenda ukapumzike na wajukuu, uwe na afya, ulale mpaka usingizi uishe wenyewe. Ikilia huku, tutapokea sisi.