Aliyeng'oa Figa Sufuria Ikichemka

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Zephaniah Mwandawiro anastaafu baada ya miaka kumi na sita kwenye tanuri la karakana yetu hapa Voi. Miaka kumi na sita chakula changu kikipoa kikimngoja! Mimi ndiye mpishi, kwa hivyo nisikilizwe.

Alikuja wakati watoto wa jirani walikuwa wakiugua. Watu walikuwa wameyeyusha betri kuukuu za magari pale, na risasi, yale madini mazito ya betri, ikaingia kwenye udongo wanaochezea. Wenye karakana wakasema udongo huo utafungwa ndani ya matofali ya simiti ya chokaa na majivu: majivu ya magunzi ya mahindi na makapi ya mkonge kutoka Mwatate. Nilicheka. Majivu nayajua mimi, ni ya kusugulia sufuria!

Zephaniah hakucheka. Majivu yakitoka meusi, anarudisha motoni. Tofali likikauka, analilowesha, maji yale yapelekwe kupimwa. Risasi ikionekana, tofali linasagwa upya. Vijana walimwita Bwana Rudia, tena mbele yake. Naye anaitika!

Sasa la maharagwe. Sylus, dereva wetu, aliniletea zawadi nyumbani Ronge: kipande cha tofali lililovunjika, niweke figa la tatu. Zephaniah aliposikia, alipanda mlima hadi kwangu. Hata hodi hakumaliza, akaling'oa figa sufuria ikichemka. Maharagwe yote chini, wajukuu wanatazama!

"Wewe mwanamume, una wazimu?" nikamwambia. "Si ulisema sumu imefungwa?"

"Imefungwa, mama, haijafa. Moto utalipasua, na vumbi lake watalila hawa watoto."

Akaondoka na tofali lake kwapani. Nilimtukana hadi akapotea kwenye kona.

Wiki iliyofuata akarudi na jiwe la mtoni begani. Jiwe lenyewe limepinda, sufuria yangu inalala upande hadi leo. Lakini wajukuu wangu ni wazima, na watoto wa jirani wanacheza tena pale pale.

Matofali yale yamepangwa nyuma ya karakana, ndani ya ua. Na nawasikia mkinong'ona kwamba mzee akitoka mtajichukulia ya kujengea mabanda ya kuku. Jaribuni! Mimi sistaafu, na dirisha la jikoni linatazama lango.

Zephaniah, mdogo wangu, umenichosha kabisa. Asante. Sasa nenda ule chakula kikiwa moto, kwako, na watu wako, miaka mingi yenye afya. Ronge pia uje. Maharagwe nitapika mengi, nawe nitakukalisha upande ule sufuria inakolalia, uishike mwenyewe mpaka yaive.